Jasho la Uwanjani Nalo ni Jasho

Mwaka 1955 kijana mmoja aliyekuwa akichezea chuo cha Fort Lewis A&M, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, aliumia kichwani katika mchezo wa mpira wa Kimarekani, akafa. Mjane wake alikwenda kudai fidia ile ambayo sheria humpa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikamjibu kwamba marehemu hakuwa mfanyakazi, na kwamba chuo hakikuwa kikifanya biashara ya mpira. Mama huyo akarudi nyumbani mikono mitupu.

Swali la mjane huyo halijafa. Je, kijana achezeaye timu ya chuo kikuu ni mwanafunzi ajiburudishaye baada ya masomo, ama ni mfanyakazi mwenye haki ya ujira, matibabu na chama cha kumsemea?

Huenda msomaji wetu akauliza: mambo hayo ya Marekani yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa vijana wetu nao wamekimbia katika viwanja hivyo. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978, hali akiwa mwanafunzi wa Washington State. Tena yanatuhusu kwa kuwa suala la nani aitwe mfanyakazi ni la kila nchi yenye mtu atoaye jasho na mtu afaidikaye nalo.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi mkanganyo huu ulivyoanza. Mwaka 1953 mahakama hiyo hiyo ya Colorado ilikuwa imekubali dai la mchezaji wa Chuo Kikuu cha Denver aliyeumia mgongo mazoezini, ikisema kwamba kucheza kwake kulikuwa ni sehemu ya ajira. Hukumu hiyo iliwatia hofu wakuu wa michezo ya vyuo. Chama chao, kijulikanacho kwa herufi NCAA, kikaunda jina jipya la "mwanafunzi mwanamichezo", kikaliingiza katika kanuni zake zote na kuwahimiza watu walitumie. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 hadi 1987, alikiri mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa ili mchezaji asije akahesabiwa kuwa mwajiriwa. Basi jina hilo lilikuwa ngao ya kuzuia madai, na lilifanya kazi yake barabara.

Huenda zamani hoja ya mchezo wa ridhaa ilikuwa na uzito. Leo haina. Haki za kuonyesha katika televisheni mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya NCAA zimeuzwa kwa dola bilioni 8.8 kwa kipindi cha kati ya 2025 na 2032. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma apokeaye mshahara mkubwa kuliko wote, akimpita hata gavana, ni mwalimu wa timu ya chuo. Mwalimu huyo ni mwajiriwa. Auzaye tikiti mlangoni ni mwajiriwa, na akataye majani ya uwanja ni mwajiriwa. Ni yule tu ambaye umati wote umekuja kumtazama aambiwaye kwamba hana ajira. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa achumaye juani ni mmoja, na alaye kivulini ni mwingine.

Tuitazame kazi yenyewe. Kanuni za NCAA husema kwamba mchezaji asishughulishwe na michezo kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Lakini mwaka 2014 ofisa wa Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi huko Chicago alichunguza maisha ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Northwestern, akakuta kwamba walitumia saa 40 hadi 50 kwa wiki wakati wa msimu, na zaidi ya hapo katika kambi ya mwezi Agosti. Ofisa huyo aliona pia kwamba mwalimu alikuwa na mamlaka juu ya saa zao, safari zao, hata makazi yao, na kwamba msaada wa masomo waliopewa ungeweza kuondolewa wakiacha kucheza. Akaamua kwamba hao ni waajiriwa. Mwezi Agosti 2015 Bodi yenyewe ikakataa kulishughulikia shauri hilo. Haikusema kwamba si waajiriwa. Ilisema kwamba vyuo vingi katika ligi hiyo ni vya serikali za majimbo, ambavyo haviko chini ya mamlaka yake, na kwamba kuliamulia shauri la chuo kimoja kungeleta vurugu katika ligi.

Tangu hapo ukuta umekuwa ukibomoka tofali moja moja. Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji tisa, iliamua kwamba NCAA haina ruhusa ya kuwawekea wachezaji kikomo cha manufaa yahusuyo elimu. Mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na picha zao. Mwezi Julai 2024 mahakama ya rufani huko Philadelphia ikatamka kwamba jina la mchezo wa ridhaa peke yake halitoshi kumnyima mchezaji haki za mwajiriwa. Kisha mwezi Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano yanayovitaka vyama vya michezo vilipe fidia ya dola bilioni 2.8 hivi kwa wachezaji wa zamani na wa sasa, na kuviruhusu vyuo vigawe kwa wachezaji hadi dola milioni 20.5 hivi kila kimoja katika mwaka wa kwanza.

Wako wasemao kwamba sasa mambo yamekwisha, kwani fedha zimepatikana. Sisi hatukubaliani nao. Fedha itolewayo bila ya mpokeaji kuwa na kauli ni hisani, na hisani huweza kukatwa kesho. Kikomo hicho cha fedha hakikufikiwa katika mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Kilifikiwa baina ya mawakili na kuthibitishwa na jaji. Nyota wa timu kubwa atapata nyumba na gari, lakini mchezaji wa kawaida avunjikaye goti bado hana sheria ya fidia ya kuumia kazini ya kumlinda. Mjane wa mwaka 1957 angerudi leo mahakamani, asingekuta mengi yaliyobadilika.

Mfano wa Dartmouth wafaa kutafakariwa. Hapo timu ya mpira wa kikapu haileti faida kubwa, wala chuo hakitoi msaada wa masomo kwa ajili ya michezo. Hata hivyo mwezi Machi 2024 wachezaji wake, baada ya ofisa wa Bodi kuwatambua kuwa ni waajiriwa, walipiga kura 13 kwa 2 kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chuo kikakataa kukaa nao mezani. Tarehe 31 Desemba 2024 wakaliondoa ombi lao, maana serikali ilikuwa karibu kubadilika na walichelea Bodi mpya ingetoa uamuzi wa kuwaumiza wenzao wote. Vijana hao hawakuwa wakitafuta utajiri. Walitaka kutambuliwa na kusikilizwa.

Insafu yatudai tuzitaje pia hoja za upande wa pili, maana si zote za kupuuzwa. Vyuo vingi, hasa vidogo, hutumia fedha katika michezo kuliko viingizavyo. Fedha za mpira wa Kimarekani na kikapu ndizo zigharimiazo kuogelea, riadha na michezo mingi ya wanawake, ambayo ilipata nguvu kwa sheria ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika elimu. Mwajiriwa hutozwa kodi, na mwajiriwa huweza kufukuzwa kazi. Tena kijana wa kigeni mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi chuoni kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa hiyo mkimbiaji atokaye Mbulu au Eldoret aweza kujikuta kwamba haki iliyowainua wenzake imemfungia yeye mlango.

Hizo ni hoja za kupanga utaratibu. Si hoja za kuinyima kazi jina lake. Kama chuo hakina fedha, kipunguze mshahara wa mwalimu kabla hakijagusa matibabu ya mchezaji. Kama sheria ya viza haikumfikiria mwanamichezo, na irekebishwe. Kuhusu kufukuzwa, mchezaji asiye na chama amekuwa akipoteza nafasi yake siku zote, bila ya pa kulalamikia.

Sisi twaona kwamba kipimo cha haki ni chepesi: nani aamuruye saa za mtu, na nani afaidikaye na matokeo? Pale chuo kinapomtawala kijana kuanzia alfajiri hadi usiku na kuiuza kazi yake, huyo ni mwajiriwa, na apewe haki zote za mwajiriwa. Pale ambapo wanafunzi hucheza kwa hiari yao baada ya darasa, waachwe na mchezo wao. Na hata kabla sheria haijakamilika, yako mambo matatu ambayo hayana sababu ya kungoja: kila aumiaye uwanjani atibiwe hadi apone, hata baada ya kutoka chuoni, msaada wa masomo usikatwe kwa sababu ya kuumia au kushuka kiwango, na wachezaji wawe na chombo chao wenyewe cha kuwasemea.

Wakuu wa vyuo vya Marekani wamekuwa wakililalia Bunge lao lipitishe sheria itakayotamka kwamba wachezaji si waajiriwa. Sheria ya namna hiyo yaweza kupitishwa, lakini haitabadili hali halisi ya kazi yenyewe. Nasi huku, tunapowaaga vijana wetu waendao kukimbia katika vyuo hivyo, tuwakumbushe kuisoma mikataba yao kabla ya kutia saini, na kuuliza jambo moja kwanza: nikiumia, nani atanitibu?