Kenya: Ufadhili wa Japani ulipokwisha, nani analipia mafunzo ya walimu wa sayansi?

Katika ruzuku ambayo serikali ya Kenya iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, shilingi 22,244 za Kenya kwa mwaka, limo fungu dogo la shilingi 200 liitwalo SMASSE. Ni jina la mradi ulioasisiwa mwaka 1998 na wizara ya elimu ya Kenya pamoja na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kwa madhumuni ya kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Wataalamu wa Kijapani waliofungua mradi huo wamekwisha kurejea kwao. Kilichobaki mikononi mwa Wakenya ni fungu hilo, ambalo halifiki hata asilimia moja ya ruzuku nzima.

Sasa ruzuku yenyewe inayumba. Mwezi Julai 2025, Waziri wa Hazina John Mbadi aliwaeleza wabunge kwamba fedha zilizopo zinatosha takriban shilingi 16,900 tu kwa kila mwanafunzi. Kauli hiyo ilitolewa miezi michache kabla ya Januari 2026, wakati ambapo kundi la kwanza la mtaala mpya lilipangiwa kuingia gredi ya 10. Katika ngazi hiyo, serikali ililenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lengo limepanda huku mfuko ukishuka.

Kwa sisi wa Uganda, habari hii si ya jirani peke yake. Mpango wetu wa SESEMAT, ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Japani na wenye kituo chake katika shule ya sekondari ya Kololo mjini Kampala, ulifuata njia iliyokwisha kupitiwa na Kenya.

Ushirika ulioanzia kwa mwalimu

Ushirika mwingi baina ya shule za Afrika na za ng'ambo huanza na vifaa. Kompyuta huletwa, maabara hupakwa rangi, picha hupigwa, kisha kifaa cha kwanza kikiharibika hakuna wa kukitengeneza. Mradi wa Kenya ulishika njia nyingine. Utafiti uliofanywa mwanzoni ulionyesha kuwa matokeo mabaya hayakutokana na upungufu wa vifaa peke yake. Wanafunzi, na hata baadhi ya walimu, waliamini kwamba hisabati na sayansi ni masomo ya wachache. Walimu walizoea kuandika ubaoni na kusoma kwa sauti, na baadhi yao walikuwa na mada wasizozimudu vizuri.

Kwa hiyo mwalimu ndiye aliyefanywa shabaha. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, nao wakawafunza wenzao wakati wa likizo. Wakufunzi hao wa wilaya walikuwa walimu wa kawaida, wenye vipindi na daftari za kusahihisha kama wenzao. Mafunzo yaligawanywa katika awamu nne, kila moja ya siku kumi, na ya kwanza ilihusu mtazamo wa mwalimu kabla ya kugusa mbinu za kufundishia. Yalianza katika wilaya 9 za majaribio, na kuanzia mwaka 2003 yakapelekwa nchi nzima. Kituo cha CEMASTEA, kilichoko Karen jijini Nairobi, ndicho kilichokuwa makao ya kazi hiyo, na hadi leo ni taasisi ya serikali ya Kenya.

Kiini cha mafunzo kilikuwa kumfanya mwanafunzi atende, na kumfundisha mwalimu kubuni pale vifaa vinapokosekana. Mwalimu wa kemia asiye na karatasi za litmasi anaweza kuponda maua mekundu katika spiriti, akayachuja, na kwa maji hayo akawaonyesha wanafunzi tofauti kati ya juisi ya limau na maji ya majivu. Akishamaliza kipindi, mwalimu hutakiwa kujiuliza ni wapi wanafunzi walikwama, kisha arekebishe kipindi kinachofuata. Ujuzi wa namna hii hauibiwi na wala hauhitaji vipuri.

Nani alilipa

Jambo lililoutofautisha mradi huu na mingine mingi ni mgawanyo wa gharama. Japani ilileta wataalamu, ikatoa vifaa na nafasi za masomo nje ya nchi. Lakini mafunzo ya wilayani, yaani chakula, malazi na vifaa vya mwalimu kwa siku zote kumi, yaligharimiwa na Wakenya wenyewe kwa sehemu ya karo iliyokusanywa shuleni na kuwekwa katika mfuko wa wilaya. Serikali ilipoanza kulipia masomo ya sekondari mwaka 2008, gharama hiyo ilihamia upande wa serikali, na baadaye ikaonekana katika ruzuku kama lile fungu la shilingi 200.

Hapo ndipo siri ya uhai wa mradi ilipo. Mfadhili alipoondoka, gharama kubwa haikuondoka naye, kwa kuwa hakuwahi kuibeba. Nchi nyingi zilivutiwa na mfano huo. Mwaka 2001 uliundwa mtandao wa nchi za Afrika za kubadilishana uzoefu wa ufundishaji wa hisabati na sayansi, na wakufunzi kutoka mataifa mbalimbali wakawa wanakwenda Nairobi kujifunza.

Hata hivyo, mradi haukukosa dosari. Walimu wengi walilalamika kwamba walinyimwa likizo bila posho ya kuridhisha, na kwamba mafunzo hayo hayakuwapandisha cheo. Ujumbe unaopita kwa mkufunzi wa kitaifa, kisha wa wilaya, kisha mwalimu, hupungua nguvu kila unaposhuka ngazi. Tena, mwalimu mwenye darasa lililofurika hurudi upesi kwenye chaki, hata kama ameelewa vyema alichofunzwa.

Mtihani wa sasa

Chukua shule ya wanafunzi 300. Fungu la SMASSE la shule hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Mwalimu mkuu anapopokea ruzuku pungufu, hukabiliwa na madeni ya chakula, umeme na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Madeni hayo yana wenyewe wanaobisha mlangoni. Mafunzo ya mwalimu wa fizikia hayana mdai. Yakiahirishwa mwaka huu, hakuna atakayegoma, na hasara itaonekana baada ya miaka kadhaa, katika matokeo ya mtihani.

Wala si rahisi kumtafuta mfadhili mpya. Kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 2025 kumeonyesha kwamba mlango wa ng'ambo unaweza kufungwa bila hodi.

Somo kwa Uganda

Nchi yetu nayo imejitwisha mzigo unaofanana na huo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020 na watahiniwa wake wa kwanza wakafanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Mtaala huo unamtaka mwanafunzi atende na abuni, na asilimia 20 ya alama zake hutokana na tathmini ya shuleni. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni nne za Uganda kwa mwezi, uamuzi uliozua mgomo wa walimu wa masomo mengine.

Mshahara humweka mwalimu kazini, na malalamiko ya walimu wa Kenya yanathibitisha umuhimu wake. Lakini mshahara peke yake haumfundishi namna ya kuendesha jaribio bila maabara. Kenya ilitenga fungu la mafunzo na kuyasahau maslahi. Uganda imeongeza maslahi, na sasa haina budi kuonyesha ni fungu gani la bajeti linalomrudisha mwalimu huyo darasani kujifunza.

Wabunge wa nchi zote mbili watakapofungua vitabu vya bajeti, tarakimu za mabilioni ndizo zitakazowavutia macho. Ni heri watafute pia zile za mamia. Kwa Kenya, shilingi 200 ndizo zilizobaki za ushirika ulioanza mwaka 1998, na zikifutwa, hakuna Mjapani atakayerudi kuzilipa.