Mlituambia tunawe mikono, maji yako wapi?

Mhariri,

Sisi wazazi wa huku kando ya barabara kuu ya Mombasa tuna dukuduku ambalo tumekaa nalo tangu siku za korona.

Kila Jumatatu alfajiri binti yangu wa Gredi ya 4 hutoka nyumbani na mkoba mgongoni na dumu la lita 5 mkononi. Dumu hilo ni sharti. Watoto wote huyamimina maji yao kwenye mapipa yaliyo nje ya ofisi ya walimu, na maji hayo ndiyo ya kupikia uji wa chekechea, kuoshea vyoo na kunawia mikono. Ikifika Jumatano adhuhuri, mwalimu wa zamu hulifunika pipa la mwisho kwa karai na kuweka jiwe juu ili yaliyobaki yawe ya uji. Kuanzia hapo hadi Ijumaa, mtoto akitoka chooni hurudi darasani vivyo hivyo.

Hatua chache kutoka kwenye mapipa kuna ukuta ulioandikwa kwa rangi ya buluu: NAWA MIKONO KWA SABUNI. Chini yake yamepangwa matangi matatu ya plastiki. Mawili yameng'olewa mifereji. La tatu lina ufa, na nyigu wamejenga ndani.

Siku matangi yale yalipoanza kutumika naikumbuka vizuri. Shule zote nchini zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa. Serikali ikaamua Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 watangulie kurudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wakasubiri hadi 4 Januari 2021. Kijana wangu mkubwa alikuwa Gredi ya 4 wakati huo. Nilimshonea barakoa mbili za kitambaa, ya kuvaa na ya kubadilisha. Langoni mwalimu alimpima joto kwenye paji la uso, akamwonyesha tangi, akanawa hadi viwikoni. Nilisimama nje ya ua nikitazama maji yakimtiririka mikononi, nikarudi nyumbani moyo umetulia.

Sisemi kwamba Serikali ilikaa bure. Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ununuzi wa madawati 250,000 yaliyotengenezwa humu nchini, na sisi tulipata yetu. Hadi leo watoto wanayakalia. Juni, mvulana wa miaka 9 kutoka Bungoma alitunukiwa nishani ya Rais kwa kubuni mashine ya mbao ya kunawia mikono, inayokanyagwa kwa mguu. Kila mtu alikuwa akizungumzia kunawa. Lakini tangi halijijazi. Lori la maji lilikuja muhula wa kwanza, likaja mara mbili muhula wa pili, kisha hatukuliona tena. Barakoa zilipovuliwa, na matangi nayo yakasahaulika.

Mimi ni mmoja wa wawakilishi wa wazazi, na tumeuliza. Ofisi ya kwanza tuliyoiendea ilitueleza kwamba shule za msingi haziko chini yake. Ya pili ikasema elimu ni yake, maji siyo. Tulizungushwa hivyo kwa mihula miwili mpaka mwenzetu mmoja akatuletea nakala ya Katiba, tukaisoma wenyewe chini ya mwarobaini. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za maji na elimu ya chekechea. Shule za msingi na za sekondari limeziacha kwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo katika ua mmoja, mtoto wa chekechea ni wa kaunti, dada yake wa Gredi ya 4 ni wa Nairobi, na choo wanachopishana mlangoni hakina mwenyewe. Kifungu cha 43 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hakikusema isipokuwa saa za masomo.

Tunaambiwa shule ijinunulie maji. Kwa hela gani? Mgao wa Serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mara nyingi huchelewa. Kwa wanafunzi 600 hizo ni shilingi 852,000, nazo ndizo za vifaa vya masomo, ukarabati, umeme na mlinzi. Lori moja la lita 10,000 tulilowahi kuchangia wazazi lilikwisha kwa siku nne, na hatukuwa tumefua hata kitambaa cha ubao. Kinachouma zaidi ni kwamba bomba la kutoka chemchemi za Mzima linatupita hapa hapa likipeleka maji Mombasa.

Na maradhi hayakungoja tujipange. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini alitangazwa Taita Taveta, dereva wa lori aliyekuwa safarini. Malori kama hilo hulala hapa kwetu, na watoto huyapita wakienda shule. Redioni tukasikia tena wimbo ule ule: naweni mikono. Mwalimu mkuu alisoma waraka wa kunawa mikono gwarideni mbele ya mapipa matupu. Nilikuwepo. Mtoto mmoja wa Gredi ya 2 aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, tunawe na nini?" Mwalimu aliukunja ule waraka akawaambia waingie madarasani.

Naiomba Wizara ya Elimu na serikali za kaunti wakae meza moja kabla muhula mwingine haujafunguliwa, waandikiane nani atalipia maji ya shule za msingi, na fedha hizo zitengwe peke yake, zisichanganywe na za chaki. Orodha ya shule zisizo na maji ibandikwe hadharani katika kila kaunti ndogo, tuione sisi wenye watoto. Tunasubiri majibu kupitia gazeti hili hili.

Mzazi,
Barabara Kuu ya Mombasa