Tunalipa spana, macho tunayataka bure

KIBARAZANI
Na Athumani Mkwizu

Kwa wiki tatu nilinunua oili kama mtu anayenunua maziwa ya mtoto mchanga. Mashine yangu ya maji, ile ya kumwagilia mchicha na bamia kule bondeni Ruvu, ilikuwa inatona. Ukiilaza juu ya gunia jioni, asubuhi unakuta doa la ukubwa wa kiganja.

Fundi wa kwanza alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya injini, akakinusa, na kabla hajasimama akatoa hukumu: "Mzee, sili ya krenki imekwisha. Hapa tunashusha." Kushusha maana yake injini yote ifumuliwe. Shilingi 80,000, spea juu yangu. Nikamwomba walau akaze kwanza. Akaikaza boliti ya kumwagia oili kwa nguvu zake zote, nami kila spana ilipolia nikatikisa kichwa kwa kuridhika, maana niliona kazi inafanyika. Tumbo la injini hizi ni la aluminiamu na boliti ni ya chuma. Ukikaza namna ile mara nne, tano, meno ya ndani yanang'oka, na doa la kiganja linageuka dimbwi.

Asubuhi yake doa lilikuwa palepale.

Wa pili alikuwa kijana mdogo, hata shikamoo yake niliipokea kwa mashaka. Spana hakuigusa. Aliomba mafuta ya taa, mswaki mkuukuu na tambara, akasugua mpaka ikatokea rangi ya injini ambayo tulikwisha kuisahau. Akaikausha. Kisha akaomba poda.

"Poda gani?"

"Ya mtoto, mzee."

Akainyunyizia mashine ikawa nyeupe kama mwari, akaiwasha, tukakaa kivulini dakika kumi tukiitazama. Nilijiona mjinga. Kumbe oili hushuka, na feni ya injini huipeperusha huku na huku, kwa hiyo inapodondokea si lazima iwe ndipo ilipotokea. Kwenye poda kila tone huacha njia yake.

Zilionekana njia mbili. Nyembamba ilianzia kwenye ile boliti. Chini yake hukaa washa laini ambayo kazi yake ni kubonyea na kuziba. Yetu ilikuwa imebanwa na kubanwa tena hadi ikawa karatasi. Mpya ni bei ya maandazi. Njia pana ilitoka kwenye kasha la kichujio cha hewa, na hapo nikachanganyikiwa: oili na hewa wapi na wapi?

Kuna kijibomba kinachotoka kwenye kava la valvu hadi kwenye kichujio. Injini hupumulia hapo. Kikiziba, pengine nyigu kajenga au tope limeingia, mgandamizo wa ndani hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili kwenye sili na gasketi. Chetu hakikuziba, kilikuwa kinatapika. Kijana akaiweka mashine sawasawa juu ya ubao, akachomoa kijiti cha kupimia, na oili ikafurika mdomoni.

"Nani anaongeza oili hapa?"

Kijana wangu wa shamba akatazama mtoni. Maji yalipopungua tulishusha mashine hadi kwenye mteremko wa ukingo. Injini hii ina swichi inayoizima oili ikipungua, na ikiinama sana swichi hudhani oili imepungua. Basi ilizimika, akaongeza, ikawaka. Kesho yake vilevile. Alikuwa anaitibu, na ushahidi alikuwa nao. Mimi mwenye mashine sikuwahi kumwonyesha namna ya kupima.

Injini za umbo hili, nyingi zikiwa nakala za Honda GX160, hubeba oili nusu lita na ushee tu. Pampu ya oili hazina. Kwenye mkono wa pistoni kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha juu, na mashine ikiwa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, kijiko hicho huchapa mara 60 kila sekunde. Ikipungua, vyuma vinasagana. Ikizidi, inapigwa kama mayai na kutokea puani.

Tukaipunguza, washa ikabadilishwa, kichujio kikaoshwa, mashine ikapata jiwe bapa la kukalia. Akaomba shilingi 5,000, nami, naona haya kuandika, nikamwambia: "Mbona hujafungua chochote?"

Neno hilo limenikaa rohoni. Simwiti tapeli yule wa kwanza. Anatujua wateja wake. Sisi hulipa kwa moyo mkunjufu tukiona injini imetandazwa kwenye turubai, nati zimejaa koponi na fundi amelowa oili hadi viwiko. Anayetazama kwanza tunambana bei, basi naye mwishowe atajifunza kushusha. Au atapaka silikoni juu ya oili mbichi, ambako haishiki, akachukua chake na kuondoka. Hospitalini tunalipa kumwona daktari kabla ya sindano, na akisema huna ugonjwa hatudai kurudishiwa. Gereji nazo ziweke bei ya kutazama, iandikwe ukutani, ilipwe hata kama kilichoonekana ni washa ya bei ya maandazi. Poda ikionyesha njia inatoka nyuma ya krenki, sawa, shusheni, na hiyo 80,000 nitaitoa bila kununa.

Kijana nilimwongeza 10,000, ingawa kwa kuchelewa. Jumamosi nilikwenda shamba nikakuta mashine nyeupe pe, na yule wa shamba amekaa mbele yake ameshika saa. Mke wangu bado anauliza kopo la poda ya mjukuu limekwenda wapi.