Kipimo Kimoja Hakitoshi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, hapa Jinja na kule Mbale, tukisikia fulani ana homa ya ini aina ya C, tuulize kwanza alipimwa nini. Kipimo cha haraka huonyesha tu kinga ambayo mwili uliwahi kutengeneza dhidi ya virusi hivyo. Wengine walikwisha pona bila kujua, na mara nyingine kipimo hukosea. Kinachothibitisha ni kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe. Hesabu ya watu wazima na wajawazito wanaougua, ikitegemea kipimo cha kwanza peke yake, huzidi ukweli.

Kwa hiyo hatukubali mama mjamzito aachishwe kazi kwa karatasi hiyo. Ugonjwa huu hupitia damu, sindano na nyembe, si sahani wala kupeana mikono. Hata mama mwenye virusi, katika 100 wapatao 5 tu huambukiza mtoto. Chanjo hakuna (ile iliyopo ni ya B), lakini vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya 95 katika 100. Mjamzito kwa kawaida hungoja ajifungue.

Mwajiri anayetaka tupimwe mara ya kwanza, alipie na ya pili.