Kiingereza cha Nini Mlimani?

Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya wamezoea kuvuka mpaka kwenda Tanzania, ama kwa kongamano, ama kwa matembezi tu ya mwisho wa juma. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani mwenda bure si mkaa bure. Linaloniudhi ni mazoea yanayoota mizizi miongoni mwetu: wapenzi hawa wa lugha, wanaoghani na kuhutubia kwa Kiswahili ukumbini, wakifika tu kwenye lango la mlima hugeuka Waingereza.

Nichukue mfano wa Kilimanjaro. Kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895, kinahitaji siku na fedha ambazo mwanafunzi hana. Lakini kwa Jumamosi na Jumapili, mtu anayevukia Holili aweza kuingia kwa lango la Marangu, akakwea msituni kati ya mbega na kima hadi vibanda vya Mandara, yapata mita 2,700, akalala huko, na asubuhi akafika ukingoni mwa kasoko ya Maundi kabla ya kushuka. Ndivyo tulivyofanya wanafunzi saba. Njia ilikuwa na utelezi, mvua ya msituni haikubisha hodi, na baridi ya usiku ule ilimnyamazisha kila aliyejigamba kwamba amezoea Julai ya Limuru. Anga ilipotakata tuliiona Kenya kwa mbali, upande wa Taveta. Mwenzetu mmoja akaipungia mkono kana kwamba anamuaga mamake.

Tangu langoni wenzangu walisema na mwongozaji wetu kwa Kiingereza, naye, kwa adabu ya kazi, akawajibu kwa hichohicho. Mambo yalibadilika mmoja alipomwambia, “Shikamoo, mzee.” Akasimama. “Marahaba, mwanangu. Kumbe mnakijua?” Kuanzia hapo tulipata darasa ambalo hatujawahi kulipata chuoni. Tulijua kwamba wapagazi hujiita wagumu, kwamba mizigo yao hupimwa kwenye mizani na mmoja hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20, na kwamba mpagazi anayetamani kuwa mwongozaji hana budi kwanza kujifunza lugha ya wageni. Tuligundua pia jinsi “nipe chai” yetu inavyowakwaruza masikio watu waliozoea “naomba chai”.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya adabu tu. Jioni hiyo msichana mmoja wa kundi letu alikuwa ameulizwa hali mara mbili kwa Kiingereza, akajibu mara mbili kwamba yu salama. Mzee akaja akaketi karibu naye. “Dada, kichwa kinauma? Umekunywa maji leo?” Msichana akafunguka: kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alasiri na chakula kilimchefua. Akaambiwa anywe maji, apumzike, asipande hata hatua moja zaidi hali ikiwa hivyo. Ikizidi watashuka naye, hata kama ni usiku, na hakuna aibu katika kushuka. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata baadhi ya watu kuanzia mita 2,500 hivi, na anayeyaficha hujihatarisha. Katika lugha ya kigeni ni rahisi mno kusema u mzima. Ni neno la mdomoni tu.

Najua utetezi utakaotolewa. Wapo wanaosema Mtanzania hukicheka Kiswahili cha Mkenya, kwa hiyo afadhali Kiingereza. Na acheke! Sisi saba tulichekwa sana, tukasahihishwa, tukaendelea kupanda. Mwanafunzi wa lugha anayeogopa kusahihishwa na msemaji wa lugha hiyo asomee kitu kingine.

Isitoshe, lugha hii si mgeni mlimani. Mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, watu wa kwanza wanaojulikana kufanya hivyo, miongoni mwa waliowahudumia katika safari ile alikuwamo Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa pwani alikuwa kwenye baridi ile kabla ya babu zetu wengi kukisikia Kiingereza. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, tulishangilia vyuoni kwa ngoma na fulana. Wapagazi wa Marangu hawana fulana hizo. Wana msamiati wa mvua, miteremko, mizigo na uchovu ambao sehemu kubwa yake sijaikuta katika kamusi zetu.

Chama chetu kinapopanga safari ijayo, basi, kimwombe mwongozaji aseme Kiswahili tangu langoni hadi kurudi. Kila msafiri abebe daftari pamoja na koti la mvua, na maneno atakayorudi nayo yachapishwe humu, yakiambatana na maelezo ya mahali yaliposikika na kazi iliyokuwa ikifanywa.