Mwalimu wa mazingira anahitajika machimboni

Anayesomea ualimu asome na mazingira, hasa sisi tunaotoka Mbangala, Songwe, kwenye dhahabu. Huku mchimbaji mdogo anachanganya zebaki na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu, kisha anaichoma pale pale. Mvuke unamwingia mapafuni, yeye na watoto walio karibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu nani anaufafanua? Mwalimu wa kemia anaweza kuwaeleza wanafunzi jinsi kifaa cha kunasa mvuke huo kinavyofanya kazi, nao wakawaambia wazazi. Wanachuo wenzangu, mkienda mazoezi ya kufundisha, msiogope shule za machimboni. Ndiko tunakohitajika zaidi.