Kurudi Nyuma Si Uoga

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kurudi nyuma nako si uoga. Nina sababu ya kusema hivyo, na sababu yenyewe inaniaibisha.

Sisi wa Kiamunyi tumelelewa mgongoni mwa Menengai. Kreta hiyo ina ukubwa wa kilomita 12 hivi kwa 8, na penye kina zaidi ni karibu mita 500 kutoka ukingoni hadi chini. Lakini kwa vile tunaiona kila siku, tumeizoea kama uwanja wa nyumbani. Jumamosi moja ya muhula wa pili, wavulana watano tulifunga safari, kila mmoja na kipande cha mtungi wa plastiki uliopasuliwa. Tulikuwa tumeona kwenye runinga Wazungu wakiteleza juu ya theluji katika makorongo ya milima, mbao miguuni, shwaaa! Tukasema, theluji hatuna lakini mteremko tunao.

Tulipata korongo letu mbali na njia ya watalii. Aisee, lilikuwa limesimama kama ukuta! Chini ya nyasi kavu kulikuwa na majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vinavyobingirika ukivikanyaga. Mwenzetu mmoja, mdogo wa umbo kuliko sote, akaokota jiwe akalitupa. Likaenda na udongo, likapotea kwenye kona. Kimya. Kisha tukalisikia likigonga mahali mbali sana.

"Hapo chini pamekatika. Mimi narudi," akasema.

"Wacha uoga, bwana!" tukamjibu huku tukicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nikakaa juu ya plastiki yangu, nikajisukuma.

Raha ilidumu kama sekunde tatu. Breki hakuna, visigino havishiki. Kilichoniokoa ni kichaka cha leleshwa, nikakikumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mamake. Hatua chache mbele yangu ardhi ilikuwa imekwisha. Na nani alinivuta? Yule yule niliyemcheka. Alifunga sweta zetu pamoja, akalala kifudifudi kuniteremshia huku wengine wamemshika miguu.

Jumatatu shuleni tulisimulia yote isipokuwa hayo. Tulisema tu kwamba alihepa. Akapewa jina "Rivasi", na jina hilo limemganda mpaka leo. Nami nilinyamaza, maana sifa zilikuwa tamu.

Maoni yangu ni haya. Walimu wetu watasema dawa ni kutukataza. Kwa heshima, tumekatazwa tangu darasa la kwanza na bado tunaenda. Afadhali tufundishwe mlima. Nimesoma kwamba wanaoteleza kwenye theluji kwa ujuzi huichunguza kwanza, hushuka mmoja mmoja wenzao wakiwatazama, na hata mtu mmoja akisema hapana, kundi zima hugeuka bila kinyongo. Hao ndio tuliokuwa tukiwaiga! Tuliiga mbio zao tukaacha akili zao.

Nanyi wanafunzi wenzangu, tubadilishe jinsi tunavyogawa sifa. Mwaka wa 1998, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 juu ya theluji alimaliza nambari 92, wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, hakwenda zake. Alimngoja pale mwisho, akamkumbatia. Ikiwa bingwa mwenye dhahabu alimheshimu aliyekuja wa mwisho, sisi ni nani hata tumcheke mwenzetu aliyetuonya?

Kushuka korongo lile hakukuhitaji ujasiri wowote. Plastiki na mteremko vilifanya kazi yote. Ujasiri ulikuwa kusema "mimi narudi" mbele ya vijana wanne wanaocheka, kisha kubaki pale kuwaokoa.

Basi shime, tuache kumwita mwenzetu jina hilo kwa kejeli. Au kama ni lazima tumwite, tumwite kwa heshima. Mwulizeni dereva yeyote wa matatu: gari lisilo na rivasi ni gari bovu.

Ndugu yangu, ukisoma haya, nisamehe. Nimechelewa kusema asante.